Tunu na Sheria ya Jina Wazi

Katika nchi ya Sifani, ambayo haipakani na nchi yoyote unayoijua, kila jambo lilikuwa na waziri wake. Kulikuwa na Waziri wa Mvua, aliyepongezwa kwa mvua zilizonyesha na kumlaumu mtangulizi wake kwa zile zilizogoma. Kulikuwa na Waziri wa Foleni. Na kulikuwa na Mheshimiwa Dokta Brigedia Mstaafu Kajubi Lwanzali, Waziri wa Majina na Uwazi, ambaye vyeo vyake vilikuwa virefu kiasi kwamba akikaribishwa jukwaani, wajumbe walipata nafasi ya kumaliza chai.

Katika nchi hiyo aliishi mkunga mmoja, Tunu Mbarazi Senkondo. Alikuwa anafanya kazi wodi ya wazazi katika hospitali ya mkoa, na akirudi nyumbani na kuvua viatu, aliingia kwenye Uga. Uga ulikuwa ukumbi wa mtandaoni ambako Wasifani walijadili kila kitu, kuanzia mpira hadi bei ya sukari. Nyuma kabisa ya Uga palikuwa na sehemu ya wanawake, wenyewe waliiita Uani. Huko watu waliingia kwa majina ya kujibandika: Kanga Mbichi, Mama Kimya, Sina Hamu, Pilipili Kavu. Waliuliza yale ambayo mtu hawezi kuyauliza dirishani hospitalini huku wifi yake amesimama nyuma anasikiliza. Na Tunu aliwajibu, kwa jina lake kamili, na picha yake akiwa ndani ya sare.

"Wewe huogopi?" Pilipili Kavu alimwandikia siku moja.

"Niogope nini? Jina langu sikuliiba."

Huyu Pilipili Kavu alikuwa rafiki yake, ingawa hawakuwahi kuonana. Tunu alijua kwamba mume wa rafiki yake ni mpole mbele za watu, na mlango ukishafungwa ni mtu mwingine. Alijua kwamba anapenda kuimba akipika, na kwamba huacha kuimba akisikia viatu vya mume ukumbini. Kitu asichokijua ni jina lake na mahali anapoishi, na hakuwahi kumuuliza.

Ndipo akatokea Kisu Butu.

Kisu Butu hakuwa wa Uani. Alikaa kwenye Uga, mahali penye watu wengi, na siku ya kwanza tu aliandika hivi: "Mkunga huyu anayewafundisha wake za watu kuzaa, yeye mwenyewe amezaa nini? Muulizeni mimba zake mbili ziliishia wapi."

Tunu aliyasoma maneno hayo jikoni, amesimama. Maharage yaliungua mpaka jirani akaja kugonga mlango. Habari ya mimba zile ilijulikana na watu wachache mno: mume wake wa zamani, aliyeondoka baada ya ile ya pili, mama yake mzazi, ambaye sasa ni marehemu, na watu wawili watatu wa kazini. Chini ya maneno ya Kisu Butu watu walikuwa wamepanga vicheko kama matofali.

Kisu Butu hakuishia hapo. Alimwita mti mkavu, alimwita kaburi linalotembea. Tunu akaanza kuwachunguza watu. Akinywa chai na wenzake, alitazama kila mkono uliokuwa unashika simu. Muuguzi mwenzake akicheka, aligeuka aone anachekea nini. Adui asiye na jina alikuwa ameazima sura za watu wote, na hospitali nzima ikawa haina mtu wa kumwamini isipokuwa Katibu, Bwana Longino Mabuba, mzee mstaarabu aliyempelekea machungwa nyumbani wakati wa msiba wa mimba ya pili.

"Usimlilie mtu wa namna hiyo," Pilipili Kavu alimwandikia. "Mimi huwa naosha vyombo kwa kelele mpaka hasira inaisha. Jaribu."

Tunu alijaribu. Alivunja sahani mbili, na hasira haikuisha.

*

Siku moja akaja mtu kutoka Wizara ya Majina na Uwazi, amevaa miwani myeusi. Tunu alimuuliza anaitwa nani.

"Kwa sababu za kiusalama siwezi kutaja," yule mtu alisema. "Ila Mheshimiwa amesikia kilio chako. Anataka uje ukatoe ushahidi bungeni. Tunaandaa sheria ya kuwafunua hawa wanaojificha."

Tunu alifurahi hadi akamkaribisha soda. Mwanzoni mwa juma lililofuata alivaa kitenge chake kizuri, akapanda gari la Wizara, akakaa mbele ya kamati. Mheshimiwa Waziri alikuwa wa kwanza kusimama.

"Ndugu wajumbe," alisema, "mtu asiye na jina ni nani? Ni hewa! Na hewa ikikupita puani bila kujitambulisha, mnaiitaje?"

"Ushuzi!" wajumbe wakaitikia.

"Je, Sifani iongozwe na ushuzi?"

"Hapana!"

Hoja hiyo iliingizwa kwenye kumbukumbu za Bunge kama ilivyo. Kisha Tunu akaitwa. Hakuwa na maneno mengi. Alieleza aliyoandikwa, na alipofika kwenye mimba akafuta machozi, akanywa maji, akaendelea.

"Sitaki mtu afungwe," alisema. "Ninachotaka, mtu akinitukana, nimjue. Aniambie nikiwa namwona."

"Kwa hiyo unaiunga mkono sheria?" mwenyekiti aliuliza.

Asubuhi ile, kabla hajatoka nyumbani, Pilipili Kavu alikuwa amemwandikia: "Tunu, umetufikiria sisi wa Uani?" Naye alimjibu harakaharaka, huku anatafuta hereni: "Sheria ni ya watukanaji. Wewe umemtukana nani?" Pilipili Kavu hakuandika tena. Swali lile lilimrudia Tunu sasa, mbele ya kamera, kwa kitambo kifupi. Halafu akaviona vile vicheko vilivyopangwa kama matofali.

"Naiunga mkono," alisema.

Televisheni ya taifa ilirudia maneno hayo mawili mpaka watoto wa mtaani wakayageuza mchezo wa kuruka kamba.

*

Sheria ya Jina Wazi iliandikwa na kamati ya wataalamu ambao majina yao yalifanywa siri, ili wawe huru kutoa mawazo yao. Ilisema kila atakayeandika kwenye Uga atatumia majina matatu, picha bila tabasamu, mtaa na namba ya nyumba. Mtaalamu mmoja, ambaye hatutamjua kamwe, aliongeza kwamba yaliyoandikwa zamani nayo yatawekwa majina ya kweli, ili historia isibaki nyuma katika uwazi.

Asubuhi sheria ilipoanza kazi, Tunu alikuwa zamu. Alizalisha mtoto wa kiume mnene, akanawa mikono, akachukua simu. Alitafuta yale maneno ya kwanza, ya mimba, na pale palipokuwa pameandikwa Kisu Butu akasoma: Longino Eliamani Mabuba, Katibu wa Hospitali, Mtaa wa Bomani.

Aliangalia ile picha kwa muda mrefu. Halafu akapanda ngazi mpaka ofisi ya Katibu, akaingia bila kubisha.

"Mzee Longino. Ni wewe."

"Karibu, binti yangu. Kaa." Mzee hakusimama, wala hakubadilika rangi. "Ndiyo, ni mimi. Si ulitaka jina? Ndilo hilo, na mtaa nimekuwekea."

"Uliniletea machungwa!"

"Yalikuwa machungwa mazuri. Na wewe kwenye kikao, mbele ya Mganga Mkuu, ulisema nini? Ulisema glovu zimekwisha wodini na Katibu anajua zilikokwenda. Mimi nilinyamaza. Mtu mzima hagombani kikaoni."

"Sasa huoni hata haya?"

Mzee alifikiri kidogo, kwa uaminifu kabisa. "Nilikuwa naona zamani, nilipokuwa najificha," alisema. "Usingizi ulikuwa unanipaa. Sasa sheria imenitua mzigo. Kuanzia leo nitakwambia wazi."

Na kweli, kabla Tunu hajafika mlangoni, mzee alikuwa ameshaanza kuandika tusi jipya, chini yake majina matatu.

Tunu alisimama kwenye ngazi. Alikuwa amedhani kwamba siku akimjua adui yake, atalia, au atampiga kofi, au atapona. Hakuna kilichotokea. Ndipo akakumbuka kitu kingine. Kama Kisu Butu amepewa jina, basi na Uani je?

Alifungua. Kanga Mbichi alikuwa na majina matatu. Mama Kimya alikuwa mke wa shehe mmoja maarufu. Na Pilipili Kavu, kwa miaka yote ile, alikuwa Stumai Rajabu Ngoda, Mtaa wa Karafuu, nyuma ya ukuta wa hospitali yenyewe.

Tunu alitoka mbio na sare yake. Mtaani watu walikuwa wamesimama vikundi vikundi, kila mmoja na simu, wanasoma habari za jirani zao. Kwenye baraza ya nyumba ya Ngoda alikaa mwanamume mwenye sura ya upole, muuza mbao, Sefu Ngoda. Alikuwa anasoma kwa sauti, taratibu, kama mtu anayesoma tangazo.

"'Leo amenipiga kwa ajili ya chumvi.'" Aliinua macho. "Chumvi! Karibu, mkunga. Wewe ni mtu wa afya, hebu niambie, mboga iliyozidi chumvi ungeila?"

"Stumai yuko wapi?"

"Ameanguka. Wamempeleka kwenu." Kisha akaongeza, kama kumbukumbu nzuri: "Nilikuona kwenye televisheni. Uliongea vizuri sana."

Alikuwa amepishana na waliombeba kwenye lango la hospitali. Tunu alimkuta Stumai wodi ya majeruhi, taya limevunjika, jicho moja limefumba. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Tunu alivyofikiria. Walitazamana, watu wawili waliojuana kwa mengi bila kuonana ana kwa ana.

"Mimi ni Tunu," alisema.

Stumai aliitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba anajua. Midomo yake ilisogea kwa shida. Tunu aliinama asikie.

"Kile kitenge," Stumai alisema. "Kilikupendeza."

Hakusema neno jingine siku ile, wala siku zilizofuata.

*

Polisi walifika wakafanya uchunguzi wa kina. Walikuta kwamba Sefu Ngoda alikuwa ameshaandika mwenyewe kwenye Uga, "Mimi, Sefu Kombo Ngoda, nimemrekebisha mke wangu na sijifichi," akaweka picha bila tabasamu. Mkuu wa kituo alieleza kwamba katika kazi yake yote hajapata kuona mhalifu muwazi kiasi hicho, na kwa hiyo lazima huyu si mhalifu. Stumai ndiye aliyeandikiwa onyo, kwa kutumia jina la kiungo cha jikoni. Mzee Longino alipewa hati ya Raia Muwazi na picha yake ikatundikwa mapokezi ya hospitali, karibu na bango la kunawa mikono.

Uga ukawa mahali pa adabu. Watu walitakiana heri na kuipongeza Serikali kwa mvua. Uani hapakuandikwa kitu. Waziri alikwenda kwenye televisheni na kutangaza ushindi.

"Tumepekua Uani kote," alisema, "hakuna lalamiko hata moja. Matatizo ya wanawake wa Sifani yamekwisha."

Jioni ileile wakamleta Nasemba. Alikuwa binti mdogo, mimba ya kwanza, miguu imevimba kama magunia, na alipofika mlangoni alikuwa tayari anatetemeka kwa kifafa cha mimba. Tunu na wenzake walihangaika naye. Mtoto walimpata. Mama hawakumpata.

"Kichwa kilimuuma wiki nzima," mama mkwe alisema, amekaa chini kwenye sakafu. "Akawa anasema anaona vimulimuli. Nikamwambia aulize kwenye simu yake, si alikuwa anauliza kwa huyo mkunga wake? Akasema sasa hivi jina linatoka, mume wake atahesabu miezi na kujua kwamba hakungoja ndoa. Nikamwambia basi vumilia. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie."

"Ni mimi," Tunu alisema, lakini yule mama hakuelewa, akadhani anapewa pole.

Tunu alirudi nyumbani, akakaa kwenye kiti bila kuvua viatu. Kisha akachukua simu, akaingia Uani, akaandika:

"Mimi, Tunu Mbarazi Senkondo, nina mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinauma na naona vimulimuli. Nifanye nini?"

Na chini yake akajijibu: "Dada Tunu, ondoka sasa hivi uende hospitali. Usingoje kesho, wala usingoje ruhusa ya mtu."

Wanawake walielewa upesi kuliko Wizara. Walianza kupita dirishani mwa wodi ya wazazi, mmoja mmoja, wengine wakijidai wameleta uji. Walinong'ona na kuondoka. Jioni Tunu aliandika. Jumatatu alikuwa na titi lenye uvimbe. Jumanne mume alikuwa amemfichia kadi ya kliniki. Katikati ya juma alikuwa msichana wa shule, na mjomba wake alikuwa anaingia chumbani kwake. Alhamisi alikuwa amekoma hedhi na hajui kama ni ugonjwa. Mzee Longino alimtukana chini ya kila ujumbe, kwa majina matatu, na Tunu hakuwa tena na nafasi ya kumsoma.

*

Wizara ilimwita. Chumbani mlikuwa na Waziri mwenyewe na yule mtu wa miwani myeusi, ambaye alikuwa amepandishwa cheo na sasa alivaa miwani myeusi zaidi.

"Senkondo," alianza mtu wa miwani, "kwa mwezi huu mmoja umeandika kwamba una mimba, kwamba hupati mimba, kwamba umekoma hedhi, na kwamba umevunja ungo. Umepigwa na waume wanne. Waume wanne unao?"

"Sina hata mmoja."

"Basi umesema uongo!"

"Sheria inasema niweke jina la kweli. Jina ni langu, picha ni yangu, na sikutabasamu. Hakuna mahali sheria inaposema lazima maumivu yawe yangu."

Waziri alimgeukia msaidizi wake. "Ni kweli haisemi?"

"Haisemi, Mheshimiwa. Wataalamu walisahau."

"Waitwe!"

"Hatuwajui, Mheshimiwa. Ni siri."

Waziri alifuta jasho. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya baba mwenye huruma. "Binti yangu, wewe ulisimama bungeni ukaiunga mkono sheria hii. Ulilia, na mimi nililia. Kimekupata nini?"

"Alikufa mtu, Mheshimiwa."

"Nani?"

"Nasemba."

"Majina matatu tafadhali," alisema mtu wa miwani, kalamu tayari.

Tunu alimtazama. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuandika, alitaka kupiga kelele. "Wewe unaitwa nani?" aliuliza.

"Mimi naitwa Afisa."

Hukumu ilitoka baada ya wiki moja. Ilisema raia Senkondo hakuvunja sheria yoyote, ila amejitwalia maisha mengi kupita mgao wa mtu mmoja. Kwa hiyo jina lake linafungiwa mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Asiliandike, asitie sahihi kwa jina hilo, wala asiitwe nalo mahali pa umma. Na kwa kuwa mkunga asiye na jina hawezi kutia sahihi kwenye cheti cha mtoto aliyezaliwa, kazi nayo ilikwisha. Mzee Longino ndiye aliyempokea sare, akaikunja vizuri, akamtakia maisha mema.

Alikaa ndani siku nyingi. Alipotoka kwenda sokoni, wauzaji waliokuwa wakimwita kwa jina walimwonyesha kwa kidevu. Alipotazama Uani palikuwa patupu, na alipofumba macho alimwona yule mama mkwe sakafuni.

Asubuhi moja, simu ilipolia kuashiria ujumbe mpya, alidhani ni matusi. Alisoma mara mbili.

"Mimi, Stumai Rajabu Ngoda, nimejifungua juzi. Mtoto hanyonyi, na macho yake yamekuwa ya njano. Nifanye nini?"

Picha ilikuwa palepale, bila tabasamu, taya limepinda kidogo upande wa kushoto. Jibu halikuwepo.

Stumai alikuwa amehamia kwa dada yake, ng'ambo ya soko. Tunu alikwenda kwa miguu, alipofika alikuwa anahema. Stumai alifungua mlango nusu na kubaki ameshika kitasa.

"Sefu atakusoma," Tunu alisema. "Atajua uko hapa."

"Mtaa na namba ya nyumba nimeviweka. Atajua." Maneno yalimtoka kwa shida, kama mtu anayetafuna kitu kigumu. "Kaka zangu wako ndani. Akija, aje."

"Stumai, mimi…"

"Usiniombe msamaha. Sina wa kukupa. Labda siku moja, labda sina kabisa." Alitazama pembeni, halafu akamrudia. "Mama wa mtoto huyo niliyemwandika amekuja kwangu asubuhi analia, mimi siyo mkunga. Mtoto hanyonyi tangu jana na anazidi kulegea. Nimwandikie nini?"

"Usimwandikie," Tunu alisema. "Yuko wapi?"

Stumai alisita. Kisha akaachia kitasa, akajifunga kanga ya pili kichwani, akatoka nje.

"Twende," alisema. "Ni mbali kidogo."